MAJI, KIVULI NA MAPUMZIKO YA WAKATA MIWA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwa Wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi

Bwana Mwenyekiti, Waheshimiwa Wageni wetu, Wajumbe wa Bodi, Viongozi wa Vyama vya Msingi, na ninyi Ndugu Wanachama, wakulima wa miwa,

Miaka kumi si umri mkubwa kwa mtu, lakini kwa chama cha wakulima ni umri wa kujivunia, kwani vyama vingi vimezaliwa kwa shangwe vikafa kabla ya kuota meno. Habari za mizani, za malipo na za barabara za mashambani mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo zimeandikwa na wanaozijua kuliko sisi. Sisi tumeombwa kusema juu ya mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la wanachama, hana hisa, wala hapigi kura katika Mkutano Mkuu. Na hata hivyo hakuna tani moja ya miwa yetu iliyofika mizani bila ya mkono wake. Mtu huyo ni mkata miwa.

Kila mwanachama mwenye shamba ni mwajiri, japo kwa majuma machache ya mavuno. Ama huajiri vibarua mwenyewe, ama hutumia kikosi kilichoandikwa na Chama chake cha Msingi, na gharama yake hukatwa katika malipo yake ya tani. Kwa hiyo jambo tutakalolisema leo halimhusu bwana mkubwa wa mbali. Latuhusu sisi tulioketi hapa.

Jua na mwili

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la kadiri ya digrii 37. Mtu anapofanya kazi nzito, robo tatu au zaidi ya nguvu anayoitumia hugeuka kuwa joto ndani ya mwili wake, na joto hilo halina budi kutoka. Njia kuu ya kutokea ni jasho, nalo jasho humpoza mtu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo katika mabonde yetu mvua zinapokaribia, jasho hutiririka lakini halikauki. Mtu hupoteza maji bila kupata ubaridi.

Hii ndiyo sababu kipimajoto cha kawaida hakitoshi. Katika miaka ya 1950, jeshi la Marekani lilisumbuliwa na askari wanafunzi waliokuwa wakianguka kwa joto katika kambi ya Parris Island, kule South Carolina. Wataalamu wakabuni kipimo kinachojumlisha mambo matatu: joto la hewa, ukali wa jua, na joto linalosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Katika sehemu kumi za hesabu hiyo, sehemu saba zilipewa kile cha kitambaa kibichi, kwa maana unyevu ndio mzito kuliko yote. Kipimo hicho chatumika ulimwenguni hata leo.

Sasa mtazameni mkata miwa. Shamba limechomwa moto, hivyo ardhi ni nyeusi na majivu yametanda. Amevaa nguo nzito na viatu virefu ili asichomwe na visiki wala asikatwe na panga. Huinama, hukata, huinuka, hutupa, huinama tena, maelfu ya mara kwa siku. Muwa uliosimama humzuilia upepo, na muwa uliolala haumpi kivuli. Ikiwa kuna kazi ambayo joto lake hutoka juu, chini na ndani kwa pamoja, basi ni hii.

Dalili za kwanza aghalabu hudharauliwa: kiu, kichwa kuuma, misuli kukaza, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo kuwa mchache na rangi yake kuwa kama chai. Mtu akiendelea, joto la ndani laweza kuvuka digrii 40, naye huanza kupayukapayuka, kuyumba kama mlevi, kisha kuzimia. Hiki ndicho kiharusi cha joto, na huua. Wanyapara wengi wakimwona mtu wa namna hii hudhani amekunywa pombe, wakamfukuza shambani aende zake peke yake. Twawaomba sana desturi hiyo ikome. Mtu anayepayuka juani ni mgonjwa mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni hatari ya siku za mwanzo. Mwili hujifunza kustahimili joto kidogo kidogo, kwa muda wa siku saba hata kumi na nne. Jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayotoka hupungua. Uchunguzi wa vifo vya joto kazini umeonyesha kwamba zaidi ya nusu yake hutokea katika siku chache za kwanza za mtu kazini. Nasi tumeliona katika bonde letu: kijana mwenye nguvu, aliyetoka nyanda za baridi, siku yake ya pili alitaka kuwaonyesha wenyeji kuwa yeye ni mwanamume, akaanguka kabla ya adhuhuri. Alipona kwa kuwa mnyapara wake, mtu wa makamo na mwenye busara, alimvuta kivulini, akamvua shati na viatu, akamwagia maji mwili mzima na kumpepea kwa gunia, huku mwingine akikimbilia gari. Angengoja gari kwanza, hapana shaka tungesimulia habari nyingine.

Habari za Amerika ya Kati

Ndugu Wanachama, ipo nchi ya miwa ambayo yafaa tujifunze kwake kabla halijatufika lililowafika. Katika tambarare za joto za Nicaragua na El Salvador, upande wa Bahari ya Pasifiki, wakata miwa vijana walianza kufa kwa ugonjwa wa figo. Hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu, ambayo ndiyo mambo yajulikanayo kuharibu figo za watu. Madaktari wa El Salvador waliandika habari hizo mwaka 2002. Karibu na mji wa Chichigalpa, huko Nicaragua, kuna kitongoji kiitwacho La Isla, na kwa kuwa waume wengi walikuwa wamekufa, watu walikibandika jina la Kisiwa cha Wajane.

Wataalamu wangali wanachunguza visababishi vyote vya ugonjwa huo, lakini lililo dhahiri ni kwamba kazi nzito katika joto kali, siku baada ya siku, pasipo maji ya kutosha na mapumziko, huumiza figo. Na figo iliyoumizwa kila siku kwa miezi ya mavuno mwisho hushindwa kupona. Ubaya wake ni kwamba hauna kelele. Mtu haanguki shambani. Hurudi nyumbani kila jioni, na baada ya miaka kadhaa hugundua kuwa figo zake zimekwisha. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa wafanyakazi bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kazini, kwamba 18,970 hufa kila mwaka kwa ajali zinazotokana na joto hilo, na kwamba watu milioni 26.2 wana ugonjwa sugu wa figo unaohusiana nalo.

Hapa hatuna budi kutaja dawa za maumivu. Wakata miwa wengi humeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili mgongo usiwaume mchana. Dawa hizo, zikimezwa na mtu aliyekauka maji, huzidi kuzibana figo. Anayeziuza kandokando ya shamba hana nia mbaya, lakini afadhali angeuza maji.

Kwa nini mtu hapumziki

Huenda mwanachama akauliza: ikiwa mtu aona kiu, si anywe? Ikiwa amechoka, si aketi? Nani amemkataza?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mkata miwa hulipwa kwa ngwe au kwa tani. Kila dakika anayoketi hujiona akijikata mshahara kwa mkono wake mwenyewe. Dumu la maji likiwa mwisho wa shamba, kulifuata ni hasara ya mistari miwili. Akiketi peke yake, wenzake humcheka na mnyapara humwandika mvivu. Katika hali hiyo, kumwambia mtu apumzike anapotaka ni sawa na kumwambia mwenye njaa asile mpaka ashibe. Shauri jema halitoshi. Mapumziko ya mkata miwa yapaswa kuwa amri ya kazi, ya watu wote kwa wakati mmoja, tena yaliyolipiwa, vinginevyo hayatakuwapo.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kipimajoto. Mkulima aliyelima shamba lake mwenyewe aliondoka alfajiri, akalima umande ungali majanini, na jua lilipopanda alirudi chini ya mwembe mpaka alasiri. Hakuna aliyemwita mvivu. Sisi tuliotoa kazi kwa ngwe ndio tuliomwondolea mtu mwembe wake, na ni juu yetu kumrudishia.

Mambo matano tunayoyaomba

Bodi imeturuhusu kuyaeleza mambo matano ambayo yataletwa mbele ya Mkutano Mkuu yapigiwe kura, yawe sharti kwa kila Chama cha Msingi na kila kikosi cha wakata miwa.

La kwanza ni maji. Kila mkata miwa apate lita moja ya maji safi kwa kila saa ya kazi, naye anywe kikombe cha robo lita kila robo saa, bila kungoja kiu. Kikosi cha watu 20 kwa saa sita chahitaji lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Madumu hayo yasogezwe pamoja na watu, yasiachwe barabarani. Kwa aliyetoka jasho jingi, au aliyetapika, maji yatiwe sukari vijiko sita vidogo na chumvi nusu kijiko kidogo kwa kila lita.

La pili ni kivuli. Turubai moja na nguzo nne, kitu cha kuhamishika, kwa kila kikosi. Kivuli cha chini ya tela la trekta hakikubaliki, kwa sababu mnazozijua wote.

La tatu ni saa za kazi. Panga lianze saa kumi na mbili asubuhi. Dakika kumi za kivulini kila baada ya saa moja, kwa filimbi ya mnyapara. Na katika miezi ya joto panga liwekwe chini saa tano na nusu. Kilichobaki kikatwe baada ya saa kumi jioni. Na moto wa shamba uwashwe jioni, ili ardhi ipoe usiku kucha.

La nne ni wageni wa kazi. Mkata miwa mpya apewe siku ya kwanza sehemu moja katika tano ya kazi ya mtu mzoefu, siku ya pili sehemu mbili, na kadhalika mpaka siku ya tano. Aliyetoka likizo au ugonjwani naye asirudishwe mzigo mzima kwa siku moja. Siku hizo alipwe ujira usiomfanya alale na njaa.

La tano ni bei ya ngwe. Iongezwe kadiri ya muda wa mapumziko, ili asiyekata kwa sababu ya filimbi asipungukiwe. Pasipo jambo hili la tano, manne yaliyotangulia yatakuwa mapambo ya karatasi.

Majibu kwa wenye shaka

Twajua yasemwayo vijiweni, nasi twayaheshimu, kwani fedha ya mkulima ni jasho lake.

Wako wanaosema gharama itatushinda. Turubai hununuliwa mara moja ikatumika misimu kadhaa. Maji ni kazi ya mtu mmoja na baiskeli au punda. Nyongeza ya bei ya ngwe ndiyo gharama yenyewe, nasi hatuifichi. Lakini sikilizeni lililotokea El Salvador katika mavuno ya 2014 na 2015. Wakata miwa walipewa maji ya kubeba mgongoni, mahema ya kuhamishika, ratiba ya mapumziko, kisha na mapanga bora. Dalili za kuumwa na joto zilipungua, na kazi ya mtu mmoja kwa siku iliongezeka kutoka tani 5.1 hata kufikia tani 7.3. Hatusemi kwamba kwetu itakuwa vivyo hivyo, kwani panga nalo lilichangia. Twasema tu kwamba waliopumzika hawakukata pungufu.

Wako wanaosema kiwanda hakingoji, na muwa uliochomwa hupoteza sukari haraka. Ni kweli. Dawa yake ni kuchoma eneo linaloweza kukatwa, na kupanga vikosi viwili pale palipozoea kimoja. Mkiliamua jambo hili, ofisi yetu itakuwa tayari kuketi na watu wa kiwanda kupanga zamu za kupeleka miwa kabla ya msimu kuanza.

Wako pia wanaosema baba zetu walikata miwa bila ya turubai. Baba zetu walikata chini ya jua jingine. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa. Na nchi zenye joto kutuzidi zimekwisha kuweka sheria: Oman imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, Qatar, kwa amri ya mwaka 2021, imekataza kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hata 15 Septemba. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wafanyao kazi huko wanazijua saa hizo. Lingekuwa jambo la aibu mtoto wetu apate kivuli ugenini akakikosa kwao.

Sheria na ushirika

Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri awalinde watu wake, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa moja ya mapumziko akiisha kufanya kazi saa tano mfululizo. Lakini mkaguzi mmoja hawezi kufika kila ngwe ya bonde hili. Ushirika waweza, kwani upo katika kila kijiji. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na vyama vya ushirika vya dunia huko Manchester mwaka 1995, yatutaka tuijali jamii tunamoishi. Wakata miwa ni jamii yetu. Hununua unga katika maduka yetu, husali pamoja nasi, na watoto wao husoma na wetu.

Wazee mliopo mwakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulivyohadithiwa sisi tuliozaliwa baadaye: watu walikusanyika penye redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakumaliza kwa kupiga makofi. Nasi twawaomba kitabu hiki kisomwe vivyo hivyo katika Vyama vya Msingi, kwa sauti, wanyapara wakiwapo, na wakata miwa wenyewe waalikwe kusema, kwani kisigino cha kiatu hujulikana na mwenye kukivaa.

Bwana Mwenyekiti, msimu wa mavuno u karibu, na kura itapigwa kabla ya panga la kwanza. Kila mjumbe atakaponyanyua mkono, akumbuke kwamba tunaomkatia shauri hayumo ukumbini, kwa hiyo yatupasa kumfikiria zaidi kana kwamba yumo. Miaka kumi iliyopita tuliungana kwa kuwa mkulima mmoja mmoja alipunjwa na mizani. Tukijua uchungu wa kupunjwa, tusimpunje mwingine maji na kivuli.

Twawatakieni sikukuu njema, mvua ya kiasi, na mavuno yasiyomgharimu mtu figo zake.

Ushirika udumu.